Kabla sanduku la fundi halijapimwa kwa kilo

Fundi chuma anapofariki dunia katika miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini, haupiti muda mrefu baada ya maziko kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajabisha hodi. Huja na mizani na toroli, pamoja na maneno ya upole ya kumpunguzia mjane mzigo. Sanduku lililokaa uvunguni mwa meza ya karakana kwa miaka mingi hufunguliwa, na ndani yake huonekana magurudumu yenye meno, sahani zilizotobolewa vitundu kwa mistari ya duara, vyuma vya mviringo vinavyopungua unene kuelekea upande mmoja, makucha mazito yasiyo na mnyama, na kutu juu ya kila kitu. Wafiwa hawajui ni nini. Mnunuzi naye hajui, wala hana haja ya kujua, kwani yeye hununua uzito.

Watu hawa wasiojua wakikubaliana bei, mauzo hukamilika kwa dakika chache. Makala haya yanahusu kile kinachopotea katika dakika hizo, na namna familia isiyo na elimu ya uhandisi inavyoweza kukinusuru.

Kila alichomiliki maiti ni tirka. Hutolewa humo kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki hugawanywa kwa mafungu yaliyobainishwa katika Suratun-Nisaa. Masheikh wetu wanaijua hesabu hiyo na huifanya kwa usahihi. Tatizo liko kabla ya hesabu: mjane anapewa thumuni, lakini thumuni ya nini? Jambo huwa zito zaidi pale warithi wanapokuwa watoto wadogo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, mtu mzima mwenye akili timamu akiuza kitu chake kwa bei ya chini kwa ridhaa yake, mauzo husihi. Walii wa yatima hana uhuru huo. Hawezi kuuza mali ya yatima kwa upungufu ulio wazi chini ya thamani ya mithili yake, kwa sababu mali si yake. Na lile onyo la Qur'ani kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, kwamba wanajaza moto matumboni mwao, halikubagua baina ya shamba, fedha na gurudumu la chuma.

Sheria ya nchi nayo inamtaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo awasilishe orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi 4, isipokuwa mahakama imeongeza muda. Katika kazi yangu ya ukatibu nimeziona orodha zilizotaja mikeka na sufuria moja moja, kisha zilipofika karakana zikaandika: "vyuma mbalimbali, sanduku 1". Maneno matatu na tarakimu moja, na pengine humo ndimo ulimokuwa urithi wenyewe.

Ugumu wa masanduku ya huku kwetu una historia yake. Kufua chuma si jambo geni katika nyanda hizi; Wafipa, Wanyiha na Wakinga waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe zama za mababu. Ila vyuma vya mashine vilikuja kwa mawimbi, na kila wimbi lilikuja na vipimo vyake. Wimbi la Waingereza lilifuata dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, katika miaka ya 1920 na 1930, wakati mji wa Mbeya wenyewe ulipokuwa ukianzishwa, na likafuata pia chai ya Mufindi na tumbaku ya Iringa. Mashine zao zilipimwa kwa inchi. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina baina ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa 1976. Hiyo ilikuja na milimita na maandishi ya Kichina. Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichofungua milango 1986 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilizaliwa katika ushirikiano na Umoja wa Kisovieti, na kwa njia hiyo herufi za Kirusi zikaingia Mbeya. Ongeza mashine za Kihindi, na karakana ndogo zilizochipuka baada ya SIDO kuundwa mwaka 1973. Mgodi ulipofungwa au kiwanda kilipobinafsishwa, vipande vyake vilihamia nyuma ya nyumba za watu. Ndiyo maana sanduku moja la Mwanjelwa au Ipogolo linaweza kuzungumza lugha tatu kwa mpigo.

Hivi karibuni mjane mmoja wa hapa Mbeya aliiomba kamati yetu ya msikiti imsaidie katika mirathi ya mumewe, mkereza aliyejifunza kazi Iringa na kumalizia umri wake hapa akiwa na mashine moja kuukuu ya kukereza, ile ambayo mafundi wote huiita leze, iliyotengenezwa Uingereza. Marehemu aliacha mke, mama mzazi, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, wote watatu hawajabaleghe. Asili ya hesabu ni 24: mke 3, mama 4, watoto 17. Leze ilikuwa imeshapata mteja mwenye karakana, naye aliahidi bei nzuri kwa sharti moja, kwamba apewe leze pamoja na vifaa vyake vyote. Hakuna aliyejua vifaa vyake ni vipi. Na wakati huohuo mtu wa vyuma chakavu alikuwa ameshalikadiria sanduku kwa kulisukuma kwa mguu.

Tulimwomba yule mama asiuze chochote kwa wiki mbili. Kisha tulianza kazi, na haya ndiyo tuliyoyafuata kwa maelekezo ya wenye ujuzi.

Kwanza, kabla ya kuhamisha kitu, piga picha sanduku na rafu kama vilivyo. Vyuma vilivyofungwa pamoja kwa waya vibaki pamoja. Aliyevifunga alikuwa na sababu. Usafishaji ufanywe nje, mbali na jiko, kwa mafuta ya taa, brashi laini na kitambaa, na kilichoganda kiachwe kiloweke usiku kucha. Watoto wasikaribie. Msitumie grainda, wala msasa mkali, wala nyundo, wala moto. Moto hulainisha chuma kilichokwisha kugumishwa, na kifaa cha kukata kilichounguzwa kweli huwa chakavu. Grainda hufuta herufi, nazo herufi ndizo cheti cha kuzaliwa cha kila kipande. Zikiwa hafifu, sugueni unga wa chaki ya ubaoni juu yake, kisha pangusa, zitasomeka.

Baada ya hapo soma. Jina la mji ni msaada mkubwa: Sheffield, Halifax, Keighley na Colchester ni miji ya Uingereza, na kipande chenye jina hilo huenda ni cha vipimo vya inchi. Mashine za Kichina hutambulishwa kwa herufi na tarakimu: C ni leze, X ni mashine ya milingi, Z ni ya kutoboa, M ni ya kusaga kwa jiwe. Leze iliyoandikwa CA6140 huweza kuzungusha kitu chenye kipenyo cha milimita 400 juu ya kitako chake. Hiyo ndiyo maana ya zile 40 za mwisho. Warusi walianza kwa tarakimu: 1 kwa leze, 2 kwa mashine za kutoboa, 3 kwa za kusaga, 6 kwa milingi. Kwa hiyo bamba lililoandikwa 1K62 ni la leze, hata kama maandishi mengine hakuna anayeweza kuyasoma.

Vingi, hata hivyo, havina jina. Hapo inabidi kupima. Mwenyezi Mungu (SW) alipomlainishia chuma Nabii Daud (AS), alimwamrisha pia apime kwa uangalifu katika kuunganisha pete za deraya, na wanaopenda kutafakari wataona kwamba agizo la kupima lilikuja papo hapo na neema ya kulainishiwa chuma. Kalipa ya kawaida na rula vyatosha.

Vile vyuma vya mviringo vinavyopungua unene huingia katika tundu la mashine na kujikaza vyenyewe. Mfumo wake ulibuniwa Marekani na Stephen Morse katika miaka ya 1860, nao una namba kuanzia 0 hadi 7. Pima kipenyo cha mwisho wa sehemu inayopungua, upande ulio mnene: kikiwa karibu na milimita 17.8 ni namba 2, milimita 23.8 ni namba 3, milimita 31.3 ni namba 4. Kipande kilichopata namba huuzika, kwa kuwa mnunuzi hujua kitaingia katika mashine yake au hakitaingia.

Makucha yale yasiyo na mnyama ni ya kishikio cha leze, ambacho karakana hukiita chaki, na isidhaniwe ni ile ya mwalimu. Kishikio cha makucha matatu huwa na namba 1, 2 na 3 zilizogongwa kwenye makucha na kwenye njia zake. Yakiingizwa bila mpangilio hayakutani katikati. Mara nyingi kishikio huwa na seti mbili, moja ikiwa imevaliwa na nyingine ikiwa imelala sandukuni. Seti hiyo iliyolala ikiuzwa kwa kilo, kishikio hubaki na nusu ya uwezo wake. Linganisheni namba za makucha na za kishikio.

Sahani zenye vitundu tulizikuta jikoni. Moja ilikuwa imewekwa chini ya chungu. Hizo ni za kifaa cha kugawa duara, kinachofungwa kwenye mashine ya milingi ili kuchonga meno ya gia. Aghalabu mkono wa kifaa hicho huzungushwa mara 40 ili kazi izunguke mara 1. Fundi akitaka meno 20 huzungusha mizunguko 2 kwa kila jino. Akitaka meno 30 huhitaji mzunguko 1 na theluthi, na hiyo theluthi huipata kwa kuhesabu vitundu 5 kwenye mstari wenye vitundu 15. Bila sahani, kifaa kizima hakiwezi kugawa sehemu kama hizo. Mama alicheka alipoambiwa, akasema kumbe alikuwa akipikia juu ya hesabu.

Kuhusu skrubu na nati nitasema kwa ufupi. Nyuzi za Whitworth, mfumo wa Mwingereza wa mwaka 1841, zina pembe ya nyuzi 55. Za milimita zina 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 katika inchi moja, na bolti ya milimita 12 ina hatua ya milimita 1.75, ukizitazama utadhani ni ndugu, lakini nati ya moja haiikubali nyingine. Na ile spana iliyoandikwa 1/2 W ambayo haishiki nati yoyote ya siku hizi haina kasoro: namba yake ni ya unene wa bolti, na mdomo wake ni takriban milimita 23. Vile vinavyofanana na bolti vyenye mifereji mirefu ubavuni ni tepu za kuchonga nyuzi ndani ya tundu. Nyingi huwa tatu kwa seti, basi zitafuteni zote tatu.

Sasa nije kwenye gurudumu lililobadilisha hesabu yetu. Lilikuwa gia pana kuliko zote, jembamba, bila jina wala namba. Tulimpigia simu mzee mmoja mstaafu wa karakana, anayeishi Iringa, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena ila kumbukumbu yake ni kali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, katibu. Haya, ina meno mangapi?"

Nikamwambia yapata mia moja na ishirini na kitu.

"Kitu hakiuzwi, mwanangu. Tia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, uhesabu polepole."

Tukahesabu mara tatu: 127. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama skrubu ndefu ya ile leze ni ya inchi. Nikamjibu kuwa ndiyo, ina nyuzi 4 kwa inchi. "Basi hao ni mume na mke," akasema. "Msiwatenganishe."

Maana yake ni hii. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Leze ya inchi ikitakiwa kuchonga nyuzi za milimita, ni lazima uwiano huo uingie katika gia zake, na gia haiwezi kuwa na meno 25 na nukta 4. Zidisha 25.4 kwa 5, unapata 127, namba nzima ya kwanza katika safu hiyo. Na 127 haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe, kwa hiyo hakuna gia mbili ndogo zinazoweza kuungana na kuchukua nafasi yake. Wapo mafundi wanaotumia gia ya meno 63 kwa kukadiria, lakini kosa lake huongezeka kadiri skrubu inavyorefuka. Na kwa kuwa bolti na nati nyingi za madukani leo ni za milimita, leze ile bila gia ile ingekuwa mashine ya kutengenezea vitu vya jana.

Ilibaki kuthibitisha kwamba gia ni ya leze hiyo hasa. Kanuni ni nyepesi: chukua kipenyo cha nje kwa milimita, gawa kwa idadi ya meno uliyoongeza 2. Ikija namba safi kama 1.5 au 2, gia ni ya mfumo wa milimita. Yetu ilikuwa na kipenyo cha milimita 205. Tukagawa kwa 129, tukapata 1.589, namba isiyo na mwenyewe. Tukageuza: 205 ni inchi 8.07, na 129 kwa 8.07 ni karibu kabisa na 16. Hiyo ni namba safi ya mfumo wa inchi. Tulipopima gia nyingine zilizokuwa bado zimefungwa kwenye leze, nazo zikatoa 16. Mteja wa leze alipoambiwa habari hiyo hakubishana tena juu ya bei aliyoitaja. Alikuja na fundi wake, wakaifunga gia mahali pake, wakachonga bolti ya milimita mbele yetu, na akalipa.

Kuna jambo jingine lililojitokeza katika kutambua, nalo ni la kutisha zaidi kuliko hasara. Si kila kilichomo karakana ni mali ya fundi. Tulikuta shafti ya mashine ya kusaga nafaka iliyokerezwa nusu, na kipande cha pampu chenye jina la mtu limeandikwa kwa rangi. Hizo ni amana za wateja. Hazirithiwi, haziuzwi, na marehemu ataulizwa juu yake. Tuliwatafuta wenyewe kupitia daftari lake la kazi, na daftari hilohilo likatuonyesha madeni ya waliomaliziwa kazi bila kulipa. Sahaba Khabbab bin Al-Arat (RA) alikuwa mhunzi mjini Makka, na kisa chake cha kumdai Al-As bin Wail ujira wa kazi yake kimo katika Sahih ya Bukhari. Deni analodai fundi ni haki, nalo likifika kwa warithi huwa tirka. Ama vyuma vyenye alama ya reli au shirika la umma, hivyo viwekwe kando na taarifa ipelekwe kwa wenyewe kabla ya mtu yeyote kufikiria kuviuza.

Nani aulizwe? Walimu wa vyuo vya VETA, Mbeya na Iringa, wamezoea kuona vipande vya namna hii. Ofisi za SIDO zinawajua wakereza wa mkoa. Na wastaafu wa karakana za zamani wapo vibarazani, wengi wao wanafurahi kuulizwa. Sharti letu lilikuwa kwamba anayetambua na kukadiria asiwe ndiye anayenunua, wala asiwe na ndugu anayenunua, na wakadiriaji wawe wawili. Bei zao zikitofautiana sana, aitwe wa tatu. Mnada nao ni halali, lakini kumweka mtu apandishe bei bila nia ya kununua ni najshi, na Mtume (SAW) ameikataza.

Niliulizwa na msomaji mmoja wa kamati kuhusu zaka. Vifaa vya kazi ya mtu havitolewi zaka, viwe vingi vya kiasi gani, maadamu ni vya kufanyia kazi. Aliyekuwa akinunua vipuri ili aviuze, hivyo ni mali ya biashara na hesabu yake ni nyingine.

Orodha iliyokwenda mahakamani ilikuwa na kurasa 3. Kila kipande kilikuwa na namba, picha, kipimo, jina lake kama limejulikana, na thamani iliyotiwa saini na wakadiriaji wote wawili. Kilichothibitika kuwa kimevunjika au kuungua kiliuzwa kwa kilo kwa yule yule mnunuzi wa kwanza, ambaye hana kosa lolote, kazi yake ni hiyo. Vipande 4 havijapata jina hadi leo. Vimepakwa mafuta, vimefungwa kwenye gunia safi na kuandikwa namba zake, navyo viko kwa mama kwa jina la warithi wote. Kimoja kina tundu la pembe nne katikati na alama ya mshale ubavuni. Picha yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa msikiti, pamoja na rula kando yake.